Mzee Aliyekunywa Gari

Njiro, Arusha
14 Januari 2024

Masenge wangu Athanasie, shangazi yangu,

Shikamoo, na usiitikie mbiombio kama ukiwa na wateja sokoni. Kaa chini kwanza, vaa miwani.

Huku tu wazima. Providence amejifungua salama kabla ya Krismasi, mtoto wa kiume, na tumempa jina la babu, Telesfori. Ana kichwa kikubwa na akilia utadhani anadai haki yake. Mama yake anasema amefanana na wewe. Mimi nimenyamaza. Nakuandikia kwa sababu mwaka jana ulinifokea kwamba sikio lako limekufa na simu unaisikia kama mawe kwenye debe. Barua itapita mikononi mwa makondakta wa mabasi mpaka Mpanda, kwa hiyo ikichelewa usinune.

Sasa jambo lenyewe. Hapa gereji tunatengeneza magari ya watalii, lakini bosi wangu ana rafiki yake, dalali anayeitwa Shadrack, ambaye kazi yake ni kuwatafutia matajiri magari ya zamani. Juzi alikuja na picha kwenye simu. Gari la Kijerumani la mashindano, Porsche, la watu wawili, rangi ya kijivu, limezaliwa mwaka hamsini na tisa. Masenge, linang'aa! Hakuna kutu, viti vya ngozi havijapasuka hata kidogo. Nikauliza limetoka wapi, akasema, "Huwezi kuamini. Porini Ugalla, kwa Wasukuma wa ng'ombe."

Nikamwomba anioneshe ndani. Kichwa cha gia ni cha mninga, kimechongwa mfano wa ngoma ya kwetu Burundi. Marehemu baba alinisimulia kuhusu kichwa hicho mara ngapi? Kwamba babu alikichonga mwenyewe, kile cha Mjerumani kilipovunjika.

Shadrack anasubiri mvua zikatike, barabara ikauke, aende na lori kulinunua. Masenge, lile ni gari la babu. Wewe ndiye mkubwa wa ukoo uliyebaki. Nenda Ugalla ukaulize. Na tafadhali, usimwambie mtu kwamba mimi ndiye niliyekuandikia.

Mwanao,
Arcade

*

Kawajense, Mpanda
11 Februari 2024

Arcade, baba,

Marahaba. Barua imefika ikiwa na doa la mafuta, sijui kondakta alikula chipsi juu yake. Nimeisomea pale pale mezani kwangu sokoni Kashaulili, katikati ya maharage, na nilipofika kwenye jina la mtoto nikapiga kigelegele mpaka wateja wakakimbia. Telesfori! Mungu awalinde. Kama amefanana na mimi basi ana bahati, maana upande wa mama yenu wote wana masikio ya popo.

Mimi mzima, ila goti. Mvua zinanyesha vizuri, maharage yamepanda bei, na Vestina muuza dagaa bado yuko hai na bado anakaa mbele yangu. Huyo ndiye msalaba niliopewa.

Hilo gari liache.

Najua utauliza kwa nini, maana una kichwa kigumu, kwa hiyo nakupa historia yake mara moja na baada ya hapo tuzungumze mengine. Gari lilikuja na treni, limefungwa kamba juu ya behewa, mwaka 1963. Mwenyewe alikuwa Daktari Holz, Mjerumani mwembamba aliyetibu watu huku porini. Gari lenyewe liko chini, linalamba mchanga, watu wakaliita Kobe. Sisi tulipofika kutoka Burundi mwaka 1972, baba alipata kazi kwa daktari ya kufunga vidonda, na kila Kobe aliponasa, baba alisukuma. Daktari akaona mkono wake ni mwepesi kwenye injini. Akamfundisha. Mwaka 1979 daktari akaugua, akarudi kwao, na siku ya kuondoka alisimama mbele ya waumini baada ya misa akasema, "Telesfori, Kobe ni wako." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwepo.

Furaha haikukaa. Mkimbizi kutoka makazini, tena na gari la namna ile? Kila kona anaulizwa maswali. Kwa hiyo mwaka 1981 baba akaliendesha mpaka Ugalla, akarudi kwa miguu, akatuambia amelikabidhi kwa rafiki yake Masunga, Msukuma aliyekuwa amehamia na ng'ombe wake, alitunze. Basi. Masunga hakuonekana tena, wala gari. Na kwa kuwa baba alikuwa anapenda kikombe chake siku ya Jumapili, mji mzima ukasema hakulikabidhi kwa mtu, amelibadilisha kwa pombe. Mzee Aliyekunywa Gari. Mimi nimekuwa Binti wa Mnywa-Gari tangu nikiwa msichana, na juzi tu Vestina kanitania mbele ya mteja mgeni, "Mwongezee huyo mama bei, baba yake alikunywa mtaji wote hadi matairi."

Umeelewa? Liache. Mpe Providence uji wa ulezi mzito.

Wako,
Masenge

*

Njiro, Arusha
5 Machi 2024

Masenge,

Shikamoo. Mtoto ameanza kucheka. Providence anakunywa huo uji na anakulaumu wewe kwa kunenepa kwake.

Nimesoma barua yako mara nyingi na kuna kitu hukusema. Kama babu alilikabidhi na wao wakalificha, ni wezi, nenda uwaambie hivyo, mdomo unao. Na kama kweli unamwamini babu, mbona hujawahi kupanda hata bodaboda ukaenda kutazama? Ugalla si Ulaya. Unaogopa nini?

Nisamehe kama nimevuka mpaka. Lakini mimi nina mtoto mwenye jina hilo, na sitaki akue akiitwa Mnywa-Gari mdogo.

Arcade

*

Kawajense
28 Aprili 2024

Arcade,

Salama. Mvua zimeharibu paa la jiko. Kuku wawili wameibwa na kicheche. Ponsian, yule kijana wa bodaboda anayenibebea magunia, ameoa, na harusi ilikuwa nzuri ingawa wali ulikuwa mbichi. Padri mpya anahubiri kwa kirefu kupita kiasi. Bei ya karanga imeshuka. Nilikuwa na homa, imepona. Goti lile lile.

Nilitaka kuishia hapo. Nimekunja karatasi nikaikunjua tena.

Una ulimi mkali, na najua umeurithi wapi. Haya, nisikilize. Mimi ndiye niliyeishi na baba mpaka alipofariki mwaka 1996. Kila mwaka baada ya mavuno alifagia uwanja kwa mkono wake, akatoa kigoda chake nje, akakaa anatazama njia. Siku tatu, siku nne. Ukimuuliza anamngoja nani, anasema, "Atakuja. Aliyepewa ndiye anayekuja." Kisha anarudisha kigoda ndani, na mwaka ule anakunywa zaidi. Mimi nilimwonea haya, Arcade. Nilidhani ni pombe inayosema. Kigoda ninacho mpaka leo, chini ya kitanda.

Unaniuliza naogopa nini. Naogopa nikifika kule, wale watu watoe sauti ya upole waniambie, "Mama, baba yako alituuzia." Sasa hivi yale ya Vestina ni maneno ya sokoni, naweza kuyajibu. Nikienda nikayasikia kwa mwenye gari, yatakuwa kweli, na kweli haijibiwi. Nimembeba baba hivi hivi miaka yote hii, kwa mashaka, na angalau kwa mashaka anaweza kuwa mtu mzuri. Niachie.

Mbusu mtoto.

Masenge

*

Unga Limited, Arusha
17 Juni 2024

Masenge,

Shikamoo. Tumehama, anuani mpya ndiyo hiyo juu. Chumba ni kidogo lakini hewa ipo. Mtoto anakaa mwenyewe. Usiulize mengine.

Lori la Shadrack linaondoka Arusha tarehe tatu Julai. Tarehe tano au sita atakuwa Ugalla, kwa mtu anayeitwa Maduhu, mtoto wa Masunga. Akilipakia, limekwenda, halirudi tena Afrika.

Sitakubembeleza. Nasema neno moja tu: mtu aliyeuza gari kwa pombe hafagii uwanja kumngoja aliyelinunua. Fikiria hilo.

Ndani ya kifurushi kuna mkanda wa feni na plagi nne. Ikiwa utakwenda, uwape. Ikiwa huendi, mpe Ponsian aviuze.

Arcade

*

Kawajense, Mpanda
21 Julai 2024

Arcade, mwanangu, baba yangu, mtundu wa ukoo,

Keti. Mwite Providence akae pembeni yako, mweke mtoto mapajani. Msome kwa sauti. Sisi huku wazima, goti limepona lenyewe, paa la jiko linavuja na sijali!

Barua yako ililala ofisi ya basi, nikaipata tarehe nne Julai, saa ya kufunga meza. Niliposoma lile neno la uwanja nikakaa juu ya gunia. Kweli kabisa. Nani anafagia kumngoja mnunuzi? Asubuhi nikamwambia Ponsian, "Weka mafuta, twende Ugalla." Akasema, "Bibi, na goti?" Nikamwambia goti ni langu, pikipiki ni yako, kila mtu ashughulike na chake.

Tumeuliza njia kwa warina asali mpaka tukafika. Boma kubwa, ng'ombe mpaka unachoka macho. Akatoka mzee mrefu, mvi tupu, fimbo mabegani. Maduhu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, Arcade, nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Nikasalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Akaitikia. Nikasema, "Mimi ni Athanasie, binti wa Telesfori." Halafu maneno yote yakanikimbia, nikabaki na haya tu: "Nimekuja kutazama kilicho cha baba yangu."

Yule mzee akaangusha fimbo! Akageuka akamwita mke wake kwa kelele, "Hana! Hana! Mwenye ng'ombe amekuja!" Mke wake akatoka mbio na kibuyu cha maziwa, watoto wakatoka, wajukuu wakatoka, kila mtu ananishika mikono miwili. Mimi nimesimama kama mjinga. Ng'ombe gani?

Wakanikalisha, nikapewa maziwa. Ndipo Maduhu akaniambia. Kwao Usukuma, mtu akikukabidhi ng'ombe umfugie, wewe unakunywa maziwa, lakini ng'ombe ni wa mwenyewe na ndama ni wa mwenyewe. Na mwenyewe ndiye anayekuja kutazama mali yake. Mfugaji hamswagi ng'ombe wa watu kumrudishia bila kuitwa. Hilo ni tusi, ni kusema urafiki nimeuchoka. Baba alipompa Masunga gari alisema, "Nakukabidhi kama ng'ombe." Basi Masunga akaweka miti ya mninga chini, akampandisha Kobe juu yake, akangoja mwenyewe aje. Akangoja mpaka kufa. Maneno yake ya mwisho kwa Maduhu: "Mwenye ng'ombe akija, usimuulize alikuwa wapi. Mpe maziwa kwanza."

Nililia, Arcade. Nililia mpaka Hana akanishika mabega. Maana wewe hukukulia kwetu, hujui. Sisi Warundi, mtu akikupa ng'ombe, wewe uliyepewa ndiye unayekuja kwake na kibuyu cha pombe, kila mwaka, ukae naye. Aliyepewa ndiye anayekuja! Baba yangu alikuwa na akili zake timamu. Alikuwa anamngoja rafiki yake afike na pombe, na rafiki yake kule porini alikuwa anamngoja yeye afike kutazama ng'ombe. Wanaume wawili wema, kila mmoja amekaa kwake anafuata heshima ya kwao, mpaka wote wamekufa. Ee Mungu wangu! Na sisi tukawaita mmoja mlevi, mwingine mwizi.

Nilipomaliza kulia nikamweleza Maduhu hayo ya kwetu. Akanimiminia maziwa tena. Kisha akasema, "Kumbe sisi ndio tuliochelewa." Nikasema, "Hapana, sisi." Tukabishana hivyo mpaka tukacheka.

Ndipo akanipeleka kwenye banda. Arcade, wewe umeona picha, mimi nimegusa. Bodi wanaipaka nta ya nyuki kila baada ya mavuno, ndiyo maana kutu haijui mlango. Viti Hana anavipaka samli, kama wanavyofanya ngozi zao. Siku hiyo hiyo ya mavuno wanaliwasha, wanalizungusha boma, wanalirudisha juu ya miti yake. Kichwa cha gia kimeng'aa kwa viganja. Nikaweka changu hapo, nikahisi mkono wa baba kabisa.

Tuko hapo hapo tunasikia lori. Shadrack huyo, na miwani yake ya jua na begi lake. Akaanza kumtajia Maduhu bei, akataja tena, akapandisha. Maduhu akasema, "Nilikwambia tangu ile safari ya kwanza kwamba gari lina mwenyewe. Ulidhani natafuta bei. Mwenyewe huyo hapo anakunywa maziwa." Shadrack akanigeukia, "Bibi, sema wewe unataka nini." Nikamwambia, "Kijana, umetoka mbali, kunywa maziwa kwanza." Akanywa. Nikamuuliza kama ameshiba. Akasema ameshiba. Nikamwambia, "Haya, sasa rudi." Ponsian alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini kabla hajapanda lori, huyo Shadrack aliuliza kama nina undugu na fundi mmoja wa Arusha, Arcade, aliyekataa kuja na lori kulitengeneza gari, akamwambia bosi wake usoni kwamba hashiki spana kwa mali ya babu yake, bosi akamfukuza siku hiyo hiyo. Tumehama, hewa ipo, usiulize mengine! Mjinga mkubwa wewe. Nikasimama mbele ya wale watu nikasema, "Ndiye. Ni mwanangu." Kifua kimenijaa mpaka sasa.

Hayajaisha. Jioni ng'ombe waliporudi, Maduhu akanipeleka zizini akasema, "Na ndama wako uwaone." Nikasema gari halizai, baba. Akasema, "Hili lilizaa." Kumbe zamani Masunga alilitumia kubebea maharusi. Walilipwa mbuzi, walilipwa mtama, hayo wakala, ni maziwa. Lakini mzee Nyanzala, tajiri wa kule, alipobebewa binti yake alitoa mtamba mzima, na Masunga akasema huyu haliwi, huyu ni ndama wa Kobe. Akamkata alama sikio la kushoto. Huyo amezaa, na watoto wamezaa. Arcade, nusu ya zizi ina sikio la kushoto lililokatwa! Njaa imepita, magonjwa yamepita, hakuna aliyegusa. Nikamwambia Maduhu achague majike anaowataka, wawe fungu la mfugaji. Akachagua mmoja tu, tena si mzuri. Nikamwongezea kwa nguvu.

Tukaweka mkanda wako na plagi zako. Maduhu akafungua nyuma, maana injini ya Kobe iko matakoni, akahangaika, likakohoa, likatoa moshi, kisha likanguruma mpaka ndama wakakimbia. Jumamosi iliyopita tumeingia mjini. Maduhu kwenye usukani, mimi kando yake na kilemba kipya, kibuyu cha pombe ya Maduhu miguuni kwangu, Ponsian mbele na pikipiki anapiga honi. Nikasema tupite Kashaulili. Maduhu akasema njia ya Kawajense ni fupi zaidi. Nikamwambia najua.

Soko lilisimama. Tukaegesha mbele ya meza ya dagaa. Vestina ameshika kopo la kupimia, dagaa wanamwagika hajui. "Athanasie," anasema, "ndilo lile?" Nikasema, "Ndilo lile. Hesabu matairi." Na akahesabu kweli, kwa kidole! Kisha akapiga kigelegele, wa kwanza soko zima, na ndipo nikajua yule mwanamke si mbaya, alikuwa na mdomo tu. Alifunga meza akaja nyumbani kwa miguu, na nusu ya soko nyuma yake.

Tulipofika nilishuka kwanza njiani, nikaufagia uwanja mwenyewe. Kigoda cha baba nimekitoa chini ya kitanda, nimekiweka nje, kimeelekea njia. Kobe akaingia, akasimama mbele yake. Maduhu akashuka na kibuyu kwa mikono miwili, akapiga goti, mzee mzima, akakiweka mbele ya kigoda kama tufanyavyo sisi. Akasema, "Mzee Telesfori, mtoto wa Masunga amekuja. Samahani kwa kuchelewa."

Sasa funga mizigo. Ng'ombe watatu wameshauzwa, gereji yako itakuwa hapa, nyuma ya nyumba, na Kobe anahitaji fundi wa ukoo. Nauli amebeba kondakta huyu huyu. Na mtoto akishaelewa maneno, mwambie hivi, umwambie kila mara, mpaka awachoshe wenzake shuleni: babu yako hakulinywa gari. Gari ndilo lililomletea pombe.

Masenge wako,
Athanasie, binti wa Telesfori